Sura ya Sita: Pikseli Iliyogeuka

Mshukiwa aliletewa chai, akaikataa. Akaletewa maji, akayakataa. Akaletewa kiti chenye mto. Akakubali kiti, akaukataa mto. Koplo, ambaye alikuwa amemaliza kozi ya saikolojia ya wahalifu na bado ilikuwa ya moto kichwani, aliinama akanong'ona kwamba hizo zote ni dalili za hatia. Mpelelezi alijibu kwamba zilikuwa dalili za mtu asiye na hamu ya chai.

Mpelelezi mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, mwenye viatu vilivyotangulia kufika kila aendako kwa sababu ya kelele zake. Kituo kizima kilimwita Mama Kwanini. Jina hilo alipewa kwa heshima zote na kwa siri, nyuma ya mgongo wake, na alilijua siku hiyohiyo. Ukimjibu swali, aliuliza kwa nini. Ukimjibu na hilo, aliuliza tena. Kuna wezi sugu waliowahi kukiri si kwa sababu ya majuto bali kwa sababu ya uchovu.

Kesi ilikuwa hivi. Kampuni ilitengeneza skrini ndogo sana, za kuvaliwa machoni kama miwani. Kampuni jirani, mpinzani wao wa jadi, ilikuwa imeonyesha skrini yake mpya kwenye maonyesho, na ndani ya skrini hiyo mlikuwa na saketi ambayo mkurugenzi aliapa kuwa ni yao. Mchoro wa saketi ulikaa kwenye kompyuta moja tu. Nywila ya kompyuta hiyo alikuwa nayo mtu mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa ameketi hapo, katika chumba kidogo cha mikutano cha kampuni, bila mto: mchoraji wa saketi, mwanamke kijana mwenye wino kwenye vidole. Bodi ingekutana saa kumi jioni katika ukumbi wa pili kutoka hapo. Ikipiga muhuri, angefukuzwa kazi na kupelekwa kituoni kwa gari lilelile lililomleta Mama Kwanini.

"Tuanze mwanzo," alisema Mama Kwanini. "Kazi yako ni nini hasa?"

"Nachora saketi za pikseli."

"Nieleze kama unavyomweleza mama mkwe wako."

"Mama mkwe wangu anaamini natengeneza televisheni."

"Basi nieleze mimi vizuri kuliko ulivyomweleza yeye."

Mchoraji alitazama meza kidogo, kisha akaanza kuchora juu yake kwa kidole. Skrini za OLED, alisema, hazina taa moja kubwa nyuma yake. Kila nukta inawaka yenyewe. Kwa hiyo kila nukta, kila pikseli, inahitaji saketi yake: transista ya kupokea amri, kapasita ya kuitunza amri hiyo mpaka amri nyingine ije, na transista ya kuupeleka umeme kwenye taa.

"Hapo sioni tatizo," alisema Koplo.

"Tatizo ni kwamba transista hazizaliwi sawa, kaka. Ukizipa amri ileile, moja inapitisha umeme mwingi, nyingine kidogo. Skrini inakuwa na madoa kama shati lililoanikwa likiwa na sabuni. Kwa hiyo unaongeza transista nyingine za kusahihisha makosa ya ile ya kwanza. Sasa nukta ni ndogo kuliko chembe ya unga, na wewe unataka kuweka humo transista sita, saba. Hazienei."

"Wewe ukafanyaje?" aliuliza Mama Kwanini.

"Nikafanya kama bwenini. Wanafunzi wawili, kabati moja. Pikseli mbili jirani nikazipanga zikitazamana, ukuta mmoja katikati, na transista ya kusahihisha nikaiweka hapo ukutani. Inaihudumia ya kushoto, ikimaliza inaihudumia ya kulia. Nafasi ikapatikana." Kwa mara ya kwanza alitazama juu. "Ilinichukua miaka miwili, Afande. Siwezi kuiba kitu ambacho ninacho."

"Watu huuza walivyo navyo," Koplo alisema.

"Una ndugu yeyote katika kampuni ile nyingine?" aliuliza Mama Kwanini.

Mchoraji aliipangusa meza kwa kiganja. "Mdogo wangu. Ni dereva tu."

Koplo alipigia mstari neno *dereva* mara mbili, kwa furaha isiyofichika.

Haikuwa lazima kumtafuta dereva huyo, kwani alikuwa tayari mapokezi. Alikuwa ameegesha gari la kazini mahali pa watu wenye ulemavu, na alipowaona askari alisimama akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Nifungeni," alisema. "Dada yangu hajui kitu. Mimi ndiye mwizi."

"Uliiba nini?" aliuliza Mama Kwanini.

"Hiyo saketi yenyewe."

"Ina ukubwa gani?"

Dereva alifikiri. Akaitanua mikono kadiri ya beseni la kufulia, akaisoma sura ya mpelelezi, akaipunguza kidogo. "Wastani."

"Uliitoaje humu ndani?"

"Kwenye gunia."

Koplo alianza kuandika. Mama Kwanini aliigusa kalamu yake kwa upole. "Koplo, usiandike gunia."

"Lakini, Afande, amekiri!"

"Amekiri kuiba mzigo. Tunachotafuta hakionekani kwa macho. Mtu aliyehusika hata kwa mbali angalau angejua hilo." Akamgeukia dereva. "Kwa nini unadanganya?"

"Sidanganyi."

"Kwa nini?"

Dereva aliiteremsha mikono. "Mimi nikikosekana, mama, kesho gari litapata dereva mwingine. Dada akikosekana..." Akatazama kuelekea chumba alimokuwa dada yake. "Kwetu yeye ndiye kila kitu. Mama yetu hata dawa hanywi mpaka asikie sauti yake kwenye simu."

"Keti pale," alisema Mama Kwanini. "Na ukikiri tena bila kuitwa nitakushtaki kwa kunipotezea muda. Halafu lihamishe lile gari."

Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa ghorofa ya juu, na ilinukia manukato hata kabla mlango haujafunguliwa. Mkurugenzi alikuwa mtu mrefu, mwenye tai ya hariri na tabia ya kusema "sisi" alipomaanisha "mimi". Zamani, alieleza bila kuulizwa, yeye mwenyewe alikuwa mchoraji wa saketi, tena wa kusifika.

"Nataka picha ya skrini ya jirani yako," alisema Mama Kwanini. "Ile iliyopigwa kwa hadubini."

"Hiyo ni siri. Ni ushahidi wetu."

"Mchoraji wako ameiona?"

"Hasha! Angejua tunachojua."

"Na sisi tunajua nini?"

Mkurugenzi alifungua droo. Picha ilikuwa kubwa, ya kung'aa. Ilionyesha vijumba vidogo viwiliviwili, vikitazamana, safu kwa safu, kama mtaa uliopimwa na mtu mwenye wazimu wa rula.

"Nimelinganisha mwenyewe na skrini yetu," alisema. "Jozi zinazotazamana, transista ya pamoja katikati. Hakuna mwingine duniani anayepanga hivi. Ni pacha, Afande. Sihitaji hata miwani."

"Kwa nini huihitaji miwani?"

"Ni msemo tu."

"Ahaa," alisema Mama Kwanini, akaichukua picha.

Kule chumbani mchoraji aliipokea kwa ncha za vidole. Akaisogeza karibu na pua. Akaiweka mezani, akaigeuza juu chini, akairudisha. Halafu akacheka, kicheko kifupi kikavu, na Koplo akaandika *amecheka* na saa yake pembeni.

"Hii ni yangu kweli," alisema mchoraji. "Lakini ni mbovu."

"Mbovu kivipi?"

"Angalia kapasita, hiki kibamba hapa. Ni kidogo mno. Hiki ndicho kitunza amri, na kikiwa kidogo kinavuja kabla ya amri inayofuata kufika. Picha za gizagiza zinapepesa. Hili ni toleo la mwaka juzi. Nililitupa. Toleo la sasa kapasita nimeilaza juu ya transista, kama kitanda cha juu na cha chini, kwa hiyo ni kubwa mara mbili na haili nafasi." Alikunja uso. "Kompyuta yangu ina yote mawili. Mwizi gani anaingia dukani, anaiacha simu mpya mezani, anaondoka na ile iliyopasuka kioo?"

"Mwizi ambaye simu mpya hakuiona," alisema Mama Kwanini polepole. "Endelea kuangalia."

Mchoraji aliendelea. Kidole chake kilitembea juu ya mtaa ule wa vijumba, kikasimama.

"Na imegeuka."

"Nini?"

"Huu mkia. Waya unaotoka kwenye transista ya pamoja. Kwangu unakwenda kushoto, matoleo yote. Huu umekwenda kulia."

"Mkurugenzi hakuliona hilo. Anasema ni pacha."

"Hata mimi nisingeliona kama usingeniambia niendelee. Sisi watu wa kazi hii tumezoea jozi. Ukiigeuza jozi, kijumba cha kushoto kinakaa kulia, cha kulia kinakaa kushoto, na sura inabaki ileile. Tunatazama mpangilio, tunatazama vipimo, ila upande hatukagui. Mtu asiyejua chochote ndiye angeanza na upande."

"Labda mpiga picha ndiye aliyeigeuza," Koplo alitoa hoja, na kwa haki ilikuwa hoja nzuri.

"Kuna namba yao kwenye kona ya kioo, hii hapa. Inasomeka sawasawa. Wameitengeneza hivyohivyo ikiwa imegeuka. Inafanya kazi vilevile, umeme haujui kushoto na kulia. Ila mimi sikuichora hivi."

Mama Kwanini aliinua macho. Alikuwa anatazama mlango. Aliutazama muda mrefu kiasi kwamba Koplo aliuliza kama anajisikia vibaya.

"Koplo, mlango huu umeandikwaje?"

Koplo aliutazama mlango wa kioo. Kwa rangi nyeupe, kwa herufi kubwa, uliandikwa ONATUKM, na herufi N na K zilikuwa zimegeuza mgongo.

"Afande," alisema kwa unyenyekevu, "hii ni lugha ya wapi?"

"Toka nje uusome."

Koplo alitoka. Kupitia kioo walimwona akisoma, akitikisa kichwa, akisoma tena. Akaingia akiwa na sura ya mtu aliyebatizwa. "Mkutano."

"Rangi imepakwa upande wa nje. Aliye nje anasoma sawa, aliye ndani anasoma kinyume, kwa kuwa anatazama maandishi kupitia mgongo wake." Mama Kwanini alimgeukia mchoraji. "Saketi zenu mnazijenga juu ya nini?"

"Juu ya kioo." Mchoraji alikuwa ameanza kusimama bila kujua. "Ukitazama kwa mbele unaona mchoro kama nilivyouchora. Ukitazama kwa chini, kupitia kioo..."

"Unaona mkia umekwenda kulia. Kwa hiyo hakuna aliyegusa kompyuta yako. Kuna mtu alikuwa na kipande halisi cha kioo, cha toleo la mwaka juzi, akakiweka chini ya hadubini, akanakili alichokiona. Ila alikitazama kwa nyuma. Kwa nini mtu atazame kwa nyuma?"

Safari hii swali lilikuwa la kweli, na walilifikiria wote watatu kwa pamoja.

"Kwa sababu mbele pamezibwa," alisema mchoraji hatimaye. "Lakini vioo vile vilikwenda kusagwa vyote. Havikuuzwa, havikuonyeshwa kwa mtu. Vilipelekwa chini."

Chini maana yake ilikuwa chumba cha mashine ya kusaga vioo. Msagaji alikuwa mzee mwenye vizuia sauti masikioni, na kwa sababu ya miaka mingi ya kuishi na mashine ile alizungumza kwa kelele hata ilipokuwa imezimwa, kama sasa.

"Vioo vya majaribio vya mwaka juzi," alisema Mama Kwanini. "Vile vilivyokuwa vinapepesa. Ulivisaga?"

"NILIVISAGA!"

"Vyote?"

"VYOTE! ISIPOKUWA VIZURI!"

Mama Kwanini alisubiri mwangwi utulie. "Mzee wangu, hivi vilikataliwa. Vizuri vipatikane wapi?"

"VIZURI KWA MACHO! VISIVYO NA MIKWARUZO! VINANG'AA KAMA BAWA LA NZI! VILE HUWA VINAPANDA JUU!"

"Juu kwa nani?"

Msagaji alinyoosha kidole darini, akakipitisha kwenye ghorofa zote kwa mawazo, hadi palipokuwa na manukato. "SEREMALA ANAVIBANDIKA KWENYE MBAO! UPANDE WA SAKETI UNALALA KWENYE GUNDI, USIKWARUZIKE! VINAPENDEZA! NILIOMBA KIMOJA, SIKUPEWA!"

Koplo alikuwa ameacha kuandika. Mama Kwanini alimshukuru mzee, akapanda ngazi zote kwa miguu, Koplo nyuma yake. Lifti ilikuwepo, ila alitaka kufikiri, na viatu vyake vilimsaidia kuhesabu mawazo. Saa kumi ilikuwa imekaribia. Wajumbe wa bodi walikuwa wameanza kuingia ukumbini, wakisalimiana kwa sauti za watu waliolala vizuri.

Mkurugenzi alikuwa anajitazama kwenye kioo, akiinyoosha tai.

"Vile vipande vilivyobandikwa kwenye mbao," alisema Mama Kwanini, "ni vya nini?"

"Ah, vile!" Uso ulimchangamka. "Zawadi za wageni. Wazo letu. Mgeni wa heshima haondoki mikono mitupu. Anakiweka mezani kwake, jua likikipiga kinatoa rangi zote. Watu wa benki wanavipenda sana."

"Kwa nini mnatumia vioo vyenye saketi?"

"Kwa sababu ni taka, Afande. Vimekataliwa, haviwaki. Kioo kisichowaka hakina siri yoyote, ni pambo tu." Alitabasamu kwa subira ya mtaalamu. "Ninyi wa nje mnaona saketi mnadhani ni siri. Sisi tunaona kitu kilichoharibika."

"Kimeharibika kuwaka. Kimeharibika kuonekana?"

Tabasamu lilibaki mahali pake, ila macho yalikuwa yameshaondoka.

"Ulimpa nani?" aliuliza Mama Kwanini.

"Watu wa benki. Walimu wa vyuo. Wageni wa... na..." Mkurugenzi aliketi, ingawa hapakuwa na kiti nyuma yake, na ilibidi Koplo amsogezee kimoja haraka. "Na jirani. Alikuja mwaka juzi kututembelea, kwa ujirani mwema. Alikisifu mno. Alikishika muda mrefu. Akaomba cha pili, cha mkewe."

"Ukampa?"

"Nikampa."

"Na huyo mke alikipenda?"

"Hana mke," alisema mkurugenzi kwa sauti ndogo. "Nilikuja kusikia baadaye. Nikadhani ni mzaha wa wanaume. Nilikifunga kwa utepe, Afande. Utepe wa dhahabu."

Mama Kwanini alimweleza basi yote, taratibu: mkia uliogeuka, kapasita ndogo, gundi ya seremala. Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho, maana hakuwa mjinga; alikuwa mtu aliyezoea kuwa sahihi, na ugonjwa huo hauna homa. Alipomaliza kusikiliza aliuliza:

"Ripoti yako inaweza kusema chanzo hakikujulikana?"

"Kinajulikana."

"Inaweza kusema ulikuwa uzembe wa idara?"

"Idara ipi?"

"Idara..." Alitazama dirishani, kana kwamba idara zilikuwa zinapita barabarani na angeweza kuchagua moja. "Bodi itanifukuza."

"Inawezekana. Na leo asubuhi ilikuwa imfukuze nani?"

Chini ukumbini mtu aligonga meza kwa kalamu kuitisha kikao.

"Hakuna jinai hapa ninayoweza kuipeleka kituoni," alisema Mama Kwanini. "Ulitoa zawadi, ikapokewa. Mambo ya nani ana haki na mchoro ni ya mawakili wenu. Ripoti yangu nitaiandika kama ilivyo, na bodi itaisoma kesho. Leo bado hawajaisoma. Leo wanakusubiri wewe."

Mkurugenzi alishuka naye. Hapakuwa na ulazima wa kupitia chumba kile kidogo, lakini alipitia. Mchoraji alikuwa amesimama. Mdogo wake, ambaye hakuna aliyemruhusu kuingia, alikuwa amesimama kando yake na funguo za gari mkononi.

"Binti yangu," alisema mkurugenzi, "nimekosea. Nimekukosea sana. Nimekuja nikuambie mwenyewe kwamba hukuiba."

Mchoraji alimtazama bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Mimi nilikuwa najua, bosi," alisema. "Tangu asubuhi. Nenda ukawaambie wasiojua."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa. Akavuka ushoroba, akashika kitasa cha ukumbi, akakishika kitambo, akasukuma. Sauti zote za ndani zilikatika mara moja. Koplo, kwa adabu aliyofundishwa, alinyoosha mkono amfungie nyuma yake.

"Acha wazi, kaka," alisema mchoraji. "Nataka nisikie anavyolisema."

Koplo alimtazama Mama Kwanini. Mama Kwanini akautegesha mlango kwa kiatu chake.

"Wajumbe," mkurugenzi alisema kule ndani, kwa sauti ndogo mno. Akakohoa, akaanza upya, na safari hii kila mtu alimsikia hadi mapokezi. "Wajumbe wa bodi, hakuna aliyeiba. Mimi ndiye niliyewapa."